Ulimi mkubwa wa mtoto mwenye Beckwith-Wiedemann: kisigino kwanza, kisu baadaye

Mtoto akizaliwa na ulimi uliotokeza nje ya midomo na haurudi ndani, wodi nzima hutazama ulimi. Bibi anauliza ataongeaje, jirani anamtaja fundi wa kukata vimeo, na kabla ya jioni mtu ameshataja upasuaji. Saa hizo kinachohitaji kushikwa ni kisigino. Tone moja la damu ya kisiginoni kwenye kipima sukari cha kawaida ndicho kipimo kinachoweza kuokoa akili ya mtoto huyu. Ulimi unaweza kusubiri miezi, sukari haisubiri.

Hali yenyewe inaitwa Beckwith-Wiedemann, kwa majina ya madaktari wawili walioieleza kila mmoja kivyake: Beckwith wa Marekani mwaka 1963 na Wiedemann wa Ujerumani mwaka 1964. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 10,500. Chanzo kiko kwenye kipande kidogo cha kromosomu ya 11, mahali panapoitwa 11p15.5, ambapo jeni za kuchochea ukuaji na za kuuzuia hupokezana kazi kulingana na kama zimetoka kwa baba au kwa mama. Mpangilio huo ukivurugika, sehemu za mwili hukua kupita kiasi: ulimi, figo, ini, kongosho, wakati mwingine mguu au mkono wa upande mmoja. Mama hakula kitu kibaya wala hakuangalia kitu kibaya. Mara nyingi hakuna mwingine kwenye ukoo aliyewahi kuwa nayo.

Sukari hushuka kwa sababu kongosho hutoa insulini nyingi kuliko mahitaji. Hapa kuna jambo ambalo hata wahudumu hulisahau: sukari ya mtoto mchanga wa kawaida ikishuka, mwili wake huyeyusha mafuta na kuupa ubongo chakula mbadala. Insulini ikiwa juu, njia hiyo nayo hufungwa. Ubongo hubaki bila akiba yoyote, ndiyo maana sukari ileile iliyo chini humdhuru mtoto huyu zaidi ya mwenzake wa kitanda cha pili. Pima ndani ya saa za mwanzo, kisha kabla ya kila mnyonyo kwa siku mbili tatu za kwanza hata kama anaonekana mzima. Chini ya 2.6 mmol/L (47 mg/dL kwa mashine zinazosoma hivyo) inahitaji hatua. Kwanza huchomwa mshipani mara moja glukosi ya asilimia 10, mililita 2 kwa kila kilo, yaani mililita 8 kwa mtoto wa kilo 4, na lazima ifuatwe na dripu inayoendelea. Ukimpa ile ya mara moja tu na kuondoka, kongosho hujibu kwa insulini nyingine na sukari huporomoka upya baada ya muda mfupi. Kwa wengi tatizo huisha ndani ya siku au wiki chache. Kwa wachache huendelea, nao huhitaji dawa ya kupunguza insulini iitwayo dayazoksaidi, chini ya daktari.

Mara nyingi mtoto wa kilo 4.5 mwenye sukari ya chini huandikiwa "mama ana kisukari" na faili likafungwa. Kabla ya kukubali, tazama sikio: mikunjo kwenye ndewe, au vitundu vidogo nyuma ya ukingo wa sikio. Tazama kitovu: ngiri, au utumbo uliotoka nje kabisa ukiwa ndani ya utando. Linganisha mapaja yote mawili. Wataalamu wa nchi kadhaa walikubaliana mwaka 2018 juu ya mfumo wa alama: ulimi mkubwa, kitovu kilichotoka na utumbo, upande mmoja wa mwili kuwa mkubwa, na insulini ya juu inayodumu zaidi ya wiki hupewa alama 2 kila kimoja, mikunjo ya sikio, uzito mkubwa wa kuzaliwa, ngiri ya kitovu, sukari ya chini iliyopita ndani ya wiki, na figo au ini kubwa hupewa alama 1. Jumla ya 4 inatosha kusema ni Beckwith-Wiedemann hata kama kipimo cha vinasaba hakipatikani. Alama 2 zinatosha kuomba kipimo hicho. Wazazi wa Afrika Mashariki wanapaswa kuujua mfumo huu, kwa sababu sampuli za vinasaba kwa kawaida husafirishwa nje na majibu hukaa. Kuangalia na kuhesabu hakusafirishwi popote.

Ulimi mkubwa si wa ugonjwa huu peke yake. Upungufu wa homoni ya tezi ya shingo nao huukuza, na ni kosa kubwa kuukosa kwa sababu dawa yake ni kidonge tu: omba kipimo cha damu cha tezi hiyo, kiitwacho TSH, wiki za kwanza. Mtoto mwenye hali ya Down ana ulimi unaoonekana mkubwa, lakini mara nyingi kinywa chake ndicho kidogo na misuli imelegea. Ulimi uliovimba upande mmoja, wenye vilengelenge au rangi ya zambarau, ni uvimbe wa mishipa, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Mambo mawili yasifanywe nyumbani. La kwanza ni kukata kimeo au utando ulio chini ya ulimi. Kimeo hakihusiki hata kidogo, na ulimi una mishipa mingi ya damu. Wembe wa mtaani huleta damu isiyokatika na uvimbe unaoziba hewa. La pili ni kufunga sarafu kitovuni. Haizuii ngiri, na chini yake ngozi hulowa na kuoza.

Kunyonyesha ndiko kunakowachosha akina mama zaidi, na ndiko ushauri mwingi hutolewa kwa maneno matupu. Mtoto anaponyonya, ulimi hukaa chini ya chuchu, hukunjika pembeni na kuvuta. Ulimi mnene haukunjiki. Huisukuma chuchu nje, midomo haizibi, hewa huingia, maziwa humwagika pembeni mwa kinywa. Mama huona mtoto amekaa titini dakika 50 na kudhani ameshiba, kumbe amefanya kazi ya dakika 50 na kupata vijiko viwili. Kiasi cha kuangalia ni hiki: mtoto mchanga akishatimiza wiki moja huhitaji takriban mililita 150 kwa kilo kwa siku. Wa kilo 4 anahitaji mililita 600, yaani 75 kila saa tatu au 50 kila saa mbili. Mlo mmoja usizidi nusu saa. Ukizidi, nguvu anayotumia hula faida aliyopata. Uzito uongezeke gramu 20 hadi 30 kwa siku katika miezi mitatu ya mwanzo. Mpime kila wiki, kwenye mizani ileile.

Mkao unaosaidia zaidi ni ule unaouacha ulimi uanguke mbele. Mama ajiegemeze nyuma kwenye mito, mtoto alale kifudifudi juu ya kifua chake, tumbo kwa tumbo, ili uzito wa ulimi uutoe kooni. Wengine hufaulu kwa kulala ubavu. Kabla ya kumweka titini, vuta kidevu chini kwa kidole mpaka kinywa kifunguke sana, kisha hakikisha chuchu imepita juu ya ulimi. Kwa watoto hawa huingia chini yake kwa urahisi. Shikilia kidevu na shavu kwa upole wakati ananyonya ili kupunguza mwanya wa hewa.

Kama titi halitoshi, kamua na utumie kikombe kidogo, ukikigusisha kwenye mdomo wa chini na kumwacha alambe mwenyewe bila kummiminia. Chupa laini ya kubonyeza, ile ya watoto wenye mdomo sungura, inafaa kwa sababu mlezi ndiye anayesukuma maziwa: bonyeza anapovuta, achia anapopumua. Usitoboe chuchu ya chupa kwa sindano ya moto ili tundu lipanuke. Maziwa yatakuja haraka kuliko anavyoweza kumeza, yataingia njia ya hewa, na baada ya wiki utakuwa unatibu nimonia. Akikohoa kila mlo, akitoka jasho kichwani, midomo ikibadilika rangi, au uzito ukigoma, mrija wa puani si aibu wala si kushindwa. Humpa mtoto chakula huku akiendelea kujifunza kunyonya kidogo kidogo. Kabla ya kumimina chochote, hakikisha mrija uko tumboni: vuta majimaji kidogo, weka kwenye karatasi ya kupima asidi, isome 5.5 au chini yake. Alama ya kalamu kwenye mrija puani itakuonyesha kama umetoka.

Ulimi unaokaa nje hukauka, hupasuka na kutoa damu, hasa msimu wa upepo mkavu na chini ya feni. Ulowanishe kwa kitambaa safi chenye maji yaliyochemshwa yakapoa, na paka vaselini midomoni na kidevuni kabla mate hayajaunguza ngozi. Asali usimpe wala usimpake mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Usingizi ndio unaoamua haraka ya upasuaji. Akilala, misuli hulegea na ulimi hurudi nyuma. Kukoroma peke yake si hoja. Hoja ni kukoroma kunakokatika ghafla huku kifua kikiendelea kuhangaika, kisha mshtuko na kuvuta pumzi kwa nguvu. Angalia pia shimo la shingo na mbavu zinavyoingia ndani, kichwa kinachorudishwa nyuma sana, na jasho jingi. Mvue nguo ya juu, washa taa, mrekodi kwa simu dakika tano akiwa usingizi mzito, umpelekee daktari video hiyo. Asubuhi kliniki mtoto yuko macho na anacheka, na bila video utaambiwa yuko sawa. Hospitali inaweza kumfunga kipima oksijeni kidoleni usiku mzima. Kipimo kamili cha usingizi hupatikana sehemu chache, lakini oksijeni inayoshuka tena na tena chini ya asilimia 90 ni jibu tosha la kuanza kuchukua hatua. Kuhusu mkao: watoto wote hulazwa chali, na kwa huyu daktari anaweza kuelekeza ubavu au kifudifudi akiwa chini ya uangalizi. Usijiamulie, na usimwekee mto.

Akifika miaka miwili mitatu, kumbuka kuwa tonsili nazo hukua. Wapo watoto ambao ulimi hulaumiwa kwa usingizi mbaya kumbe kinachoziba ni tonsili na nyama za nyuma ya pua.

Si kila ulimi hukatwa. Taya hukua, na kwa wengi ulimi hupata nafasi kidogo kidogo. Sababu za kukata ni nne: hewa, chakula, matamshi, na taya. Hiyo ya nne hupuuzwa kwa sababu haiumi. Ulimi unaosukuma usiku na mchana huyalaza meno ya chini kuelekea nje, huacha mwanya mbele ambapo meno ya juu na ya chini hayakutani hata akiuma kwa nguvu, na huipeleka taya ya chini mbele. Akishaanza kuota meno, mpeleke kwa daktari wa meno wa watoto apige picha na kulinganisha kila mwaka. Upasuaji mwingi hufanyika kati ya miezi 6 na miaka 3. Kuukimbilia mapema kuna hatari ya ulimi kukua tena na kurudiwa. Kuuchelewesha sana huacha taya na matamshi yakiwa yameshazoea vibaya. Kwa maoni yetu, hewa ikiwa salama na uzito unapanda, hakuna sababu ya kumkimbiza mtoto wa miezi mitatu chumba cha upasuaji kwa sababu watu wanamkodolea macho.

Njia inayotumika sana hukata umbo la tundu la ufunguo: kabari kwenye ncha, na kipande cha mviringo katikati, ili ulimi upungue urefu na upana pamoja. Mshipa mkubwa wa damu na neva inayosogeza ulimi hupita chini na pembeni, ndiyo maana daktari hukaa katikati. Ladha na mwendo kwa kawaida hubaki. Muulize mpasuaji amefanya nyingi kiasi gani, na kama chumba cha uangalizi maalumu (ICU) cha watoto kina kitanda siku hiyo. Kwa hiyo kazi hii ni ya hospitali kubwa za rufaa. Tanzania na Kenya, anzia zile zenye wapasuaji wa watoto, kama Muhimbili, KCMC, Bugando au Kenyatta.

Siku ya upasuaji mwambie daktari wa nusukaputi mambo mawili bila kusubiri akuulize: mrija wa hewa unaweza kuwa mgumu kuingiza, na mtoto amewahi kushuka sukari. Kufunga kula kwa kawaida ni saa 6 kwa chakula na maziwa ya kopo, saa 4 kwa maziwa ya mama. Orodha ikisogea kutoka saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, mtoto huyu hawezi kukaa hivihivi. Dai dripu yenye glukosi na kupimwa sukari. Tuna hakika na hili kuliko jambo lolote tuliloandika hapa.

Baada ya upasuaji ulimi huvimba kabla ya kupungua. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, na mzazi asiyeambiwa hudhani umekatwa vibaya. Ndiyo sababu wengine huachiwa mrija wa hewa siku kadhaa ICU. Nyuzi huyeyuka zenyewe. Utando mweupe au wa njano juu ya kidonda si usaha. Ncha inaweza kufunguka kidogo mwishoni mwa wiki ya kwanza, na mara nyingi hufunga yenyewe. Chakula ni maziwa na uji mwepesi uliopoa kwa wiki moja hadi mbili, kisha vitu laini kama ndizi za kupondwa na viazi. Ugali mgumu, chapati, mihogo ya kukaanga na karanga visubiri mpaka wiki ya nne. Maji safi baada ya kila mlo. Parasetamoli miligramu 15 kwa kilo kila saa 6, kwa saa na si mpaka alie, kwa sababu mtoto mwenye maumivu hamezi na asiyemeza hukaukiwa. Mikono ifungwe vizuizi vya viwiko ili asitie vidole kinywani. Damu nyekundu mbichi inayoendelea kutoka, homa, au harufu mbaya ni safari ya kurudi hospitali saa hiyohiyo, mtoto akiwa ameketi akiinamia mbele.

Matamshi yana mambo ambayo msemaji wa Kiswahili huyaona haraka. Ulimi ukikaa kati ya midomo, midomo haikutani, na sauti za p, b na m hutengenezwa kwa ulimi kugusa mdomo wa juu. Hizo ndizo sauti za mama, baba, bibi na babu. T, d, n, s na l husogea mbele, na s hugeuka kuwa kama th ya "thelathini". Lakini k, g na ng' hutoka nyuma ya kinywa, kwa hiyo "kaka" huja safi huku "mama" ikiwa haieleweki, na si kwamba anampenda kaka zaidi. Akili yake kwa kawaida ni sawa na ya wenzake, ilimradi sukari haikumdhuru. Baada ya upasuaji ulimi haujui bado kukaa ndani: mkumbushe kufunga midomo, mpe mrija wa kunywea, cheza naye kupuliza mapovu na kusema "papa", "bubu", "meme" mbele ya kioo, dakika tano tano mara kadhaa kwa siku. Mtaalamu wa matamshi akipatikana hata mara moja kwa mwezi, mwombe akuonyeshe wewe kazi ya kufanya nyumbani. Mpime pia kama anasikia vizuri.

Ulimi ukisharudi ndani, familia nyingi huacha kliniki, na hapo ndipo hatari halisi ilipo. Watoto hawa wana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupata uvimbe wa saratani miaka ya mwanzo, hasa uvimbe wa Wilms wa figo na ule wa ini. Kwa ujumla ni kama 8 kati ya 100, na hutofautiana sana kulingana na aina ya hitilafu: kundi lenye watoto wengi lina hatari ndogo, lakini kuna aina adimu inayokaribia mtoto mmoja kati ya wanne. Bila kipimo cha vinasaba hujui mwanao yuko kundi gani, kwa hiyo ultrasaundi ya tumbo ifanyike kila miezi 3 mpaka atimize miaka 7. Muda ni mitatu na si sita kwa sababu uvimbe wa figo unaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki chache, na ule unaoonekana ukiwa mdogo hutibika vizuri zaidi. Marekani huongeza kipimo cha damu cha alfa-fetoprotini, kinachosaidia kugundua uvimbe wa ini, kila miezi 3 katika miaka ya mwanzo. Ule mwafaka wa wataalamu wa 2018 haukukipendekeza. Ukikipata, kumbuka kiwango cha mtoto mchanga huwa juu na hushuka polepole, hivyo namba moja haina maana bila ya kabla yake. Ombi la ultrasaundi liandikwe "figo zote mbili, ini, kongosho, tezi za juu ya figo", na urefu wa kila figo uandikwe kwenye daftari lako. Ukigusa uvimbe wakati wa kuogesha, usiubonyezebonyeze wala usiite watu waje waushike. Unaweza kupasuka ndani.

Kabla ya upasuaji wa ulimi, muulize daktari kama kipande kitakachokatwa kinaweza kuhifadhiwa kwa kipimo cha vinasaba. Hitilafu hii mara nyingi haiko kwenye seli zote za mwili, na damu inaweza kusema hakuna kitu wakati nyama ya ulimi inayo. Majibu hayo yanahusu pia mimba inayofuata: kwa aina zilizo nyingi uwezekano wa kurudia ni mdogo sana, chini ya 1 kwa 100, ila hitilafu ikiwa kwenye jeni ya CDKN1C na mama anayo, kila mimba ina nafasi ya nusu kwa nusu. Ukibeba mimba nyingine kabla ya kujua, mwambie mkunga tangu hudhurio la kwanza, jifungulie hospitali, na kipima sukari kiwe mezani kabla mtoto hajatoka.